Niliambiwa nirekodi kila mtu, sasa nashindwa kumtazama usoni aliyenifundisha kazi

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Naomba usiandike jina langu wala la ofisi. Mbeya imekua, lakini sisi watu wa kompyuta tunajuana wote kuanzia Iyunga mpaka Uyole, na ukidokeza kidogo tu nitajulikana.

Nina miaka 29. Ni msimamizi wa mifumo katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini. Wanachama wetu wengi ni wafanyabiashara wa Mwanjelwa na wakulima wa viazi na parachichi wa upande wa Rungwe. Hesabu zao zote ziko kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu, inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu. Tunaoingia ndani ya seva hiyo ni sita: mimi, fundi mwenzangu ambaye nitamwita Kaka, maofisa mikopo watatu wanaotumia programu ya zamani ya kuandika amri, ile wanayoiita dirisha jeusi, na mkandarasi mmoja wa Dar es Salaam anayeingia kwa mbali mfumo ukigoma.

Februari mwaka huu mwanachama mmoja alikutwa na marejesho ya miezi minne ambayo hakuyalipa. Mtu aliingia usiku kwa akaunti kuu, root, akaandika kwamba fedha zimepokelewa. Jumla yake ni shilingi 1,840,000. Kumbukumbu za seva zilionyesha root aliingia, basi. Root ndiye nani? Nenosiri lake tulikuwa tunalijua watu wanne. Faili linalohifadhi orodha ya amri alizoandika lilikuwa tupu, maana mwenye akaunti anaweza kulifuta mwenyewe.

Meneja akaniita. Hatukuongelea ofisini, tulisimama kwenye maegesho jioni watu wakiwa wameshaondoka. Akasema, "Nataka kila anachoandika mtu kwenye ile mashine kionekane. Na asijue mtu yeyote." Sikuuliza swali. Nilijisikia nimeaminiwa, Shangazi, huo ndio ukweli.

Kwanza niliizuia root isiingiwe moja kwa moja, ili kila mtu aingie kwa jina lake ndipo aombe mamlaka kwa amri ya sudo. Kisha nikaweka programu iitwayo tlog. Hiyo inarekodi kikao kizima cha mtu, na baadaye unaweza kukicheza ukaona kila kitu kama unatazama mkanda wa video. Hapa nataka niwe mkweli kwako. Ukiiacha kama ilivyotoka, humwonyesha anayeingia onyo kwamba kikao chake kinarekodiwa. Niliufuta mstari huo. Tena yenyewe hairekodi vitufe anavyobonyeza mtu, inarekodi yanayotokea kwenye kioo tu. Vitufe niliviwasha mimi, kwa sababu meneja alisema kila anachoandika. Akaunti tano zinarekodiwa tangu wiki ya kwanza ya Machi.

Machi na Aprili sikuona kitu. Jumamosi asubuhi nilikuwa nakaa peke yangu natazama watu wakikosea amri, wakirudia, wakiandika nenosiri mahali pa jina. Nilianza kuyajua manenosiri ya watu bila kutaka.

Mei nikamwona Kaka. Kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni ameingia mara tisa kutoka nyumbani kwake, kati ya saa saba na saa tisa usiku. Kila mara anafungua akaunti ya mwanachama yuleyule wa Februari. Anasoma miamala, anashuka polepole, anarudi juu, anatoka. Habadilishi chochote.

Usiku mmoja baada ya kusoma alifungua faili tupu akaanza kuandika barua kwa ndugu zake wa Kyela. Mtoto wake wa pili anaumwa figo, anatakiwa kupelekwa Dar es Salaam, na hela hakuna. Aliandika mambo ambayo mwanamume hamwambii mtu. Alipomaliza akafuta yote, hakuhifadhi. Alidhani yamepotea. Kwangu yamebaki, kila herufi, hata zile alizokosea akarudia.

Huyu Kaka ndiye aliyeniombea kazi hapa. Nilipomaliza chuo sikuwa na pa kulala, akanichukua nyumbani kwake Uyole, nikakaa miezi saba na mkewe akinipikia kama mdogo wake. Amri ya kwanza ya Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imeufuata, niliyoijua nje ya darasa alinifundisha yeye. Ananiamini mpaka nenosiri lake ninalo. Alituachia mimi na ofisa mikopo mmoja mwaka jana alipokwenda msibani, na sidhani kama alilibadilisha. Kila Jumapili nilikuwa nakwenda kula kwake. Sasa ni wiki ya sita sijakwenda. Shemeji amepiga simu mara mbili, nimesingizia baridi.

Meneja anataka taarifa ya nusu mwaka kabla ya mwisho wa Julai. Nikimpa nilichokiona, Kaka atasimamishwa wiki hiyohiyo. Nikinyamaza na kweli ikawa ni yeye, nimewaibia wanachama pamoja naye. Nimefikiria kumwambia Kaka kwanza. Nimefikiria pia kufuta rekodi zake peke yake, usiku mmoja nilifika mpaka kuandika amri, vidole vikatetemeka nikaacha.

Shangazi, nifanye nini?

Mlinzi asiyelala, Mbeya

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilisimama pale vidole vilipotetemeka. Nashukuru vilitetemeka.

Kabla ya kuwa Shangazi wa ukurasa huu nilifanya kazi masjala, miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa masjala ya siri. Mambo ya seva nimelazimika kuyauliza kwa kijana anayefanya kazi kama yako katika mkoa mwingine, bila kumwambia ni nani aliyeniandikia. Alinieleza kwa saa mbili. Yale ya mashine nitakayosema ni yake, na yale ya watu ni yangu.

Nikielewa vizuri, umebeba mizigo miwili ukaifunga kamba moja. Wa kwanza ni Kaka na yale uliyomwona akifanya. Wa pili ni wewe, na namna ulivyoyaona. Umeniuliza kuhusu wa kwanza, lakini kurasa zako nyingi zinazungumzia wa pili: mstari wa onyo ulioufuta, vitufe ulivyoviwasha, maegesho, Jumamosi za peke yako. Nadhani usingizi wako umepotelea huko.

Tuanze na Kaka. Uliyoyaona ni haya: mtu mwenye jina lake la kuingilia alifungua akaunti moja mara tisa, usiku, akasoma, akatoka. Usiku mmoja akaandika barua ya mzazi mwenye hofu. Hayo mengine yote umeyajaza mwenyewe. Ugonjwa wa mtoto ukaufanya ndio sababu, akaunti ile ukaifanya ndio ushahidi, ukaviweka pamoja, na hapo ukaona sura ya mwizi. Nakuomba uvitenganishe tena, uviangalie kimoja kimoja.

Umesema nenosiri lake unalo wewe, na yuko ofisa mikopo mmoja analo, na huenda hajalibadilisha tangu msiba. Basi rekodi yako inaonyesha jina, haionyeshi mkono. Unasema ameingia kutoka nyumbani kwake, umejuaje? Kijana wangu anasema seva huandika anwani ya mahali mtu alipotokea, na amri kama last itakutajia, lakini anwani za mitandao ya simu hubadilika na watu wengi huonekana kwa anwani moja. Huenda umelichunguza hilo vizuri, na ni yeye kweli. Ile barua ya Kyela inaelekea kuthibitisha kwamba usiku huo, angalau huo mmoja, alikuwa yeye. Zile nane nyingine, una uhakika gani?

Tuseme zote ni yeye. Hapo nina swali lililonikaa kichwani tangu nilipoisoma barua yako mara ya kwanza. Kaka ni fundi, tena ndiye mkubwa wako kikazi. Wizi wa Februari uliwaaibisha wote. Nenosiri la root mlikuwa mnalijua watu wanne, na bila shaka yeye ni mmojawapo, kwa hiyo anajua kwamba anashukiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu amepewa kazi ya kuchunguza. Je, kama anachunguza na yeye? Mtu anayetaka kuelewa namna wizi ulivyofanyika angefungua akaunti gani, na angefungua saa ngapi? Angeshuka polepole, angerudi juu, asingebadilisha kitu. Sisemi ndivyo ilivyo. Mtu anayerudi kutazama kama alama zake zimefutika naye angefanya vilevile, kitufe kwa kitufe. Mkanda wako hauwezi kuwatofautisha watu hao wawili. Na kwa kuwa umeagizwa siri, inawezekana kabisa kwamba wanaume wawili wanaopendana wanamtafuta mwizi mmoja usiku, na mmoja wao anadhani mwenzake ndiye.

Kitu kingine alichonionyesha kijana yule: programu yako inarekodi kikao cha kuandika amri, basi. Mtu akiunganisha kompyuta yake moja kwa moja na hifadhidata, au akihamisha faili bila kufungua kikao, hayo yanapita mlango mwingine na mkanda wako hauyaoni. Kwa miezi minne umekuwa ukitazama mlango mmoja kwa macho makali sana. Naogopa ukali huo umekufanya uone kwamba aliyepita hapo ndiye pekee aliyepita.

Sasa tuje kwako.

Umeniambia wanaoingia ni sita na zinazorekodiwa ni akaunti tano. Wa sita ni wewe. Hukuliona hilo ulipokuwa unaandika, au uliliona ukalipita? Silisemi kwa kukushutumu. Masjala ya siri kulikuwa na daftari, na kila aliyechukua faili alisaini jina, tarehe na saa. Siku yangu ya kwanza nilidhani mimi mwenye ufunguo sihusiki na lile daftari. Bibi aliyenikabidhi kazi alinisogezea kalamu akasema mwenye ufunguo anasaini kabla ya wote, kwa sababu likipotea karatasi moja ataulizwa yeye. Nilikasirika kidogo. Miaka miwili baadaye karatasi ilipotea kweli, na saini zangu ndizo zilizonirudisha nyumbani salama.

Fikiri meneja akikugeukia kesho akasema: huyu kijana alikuwa na mamlaka ya root, alikuwa na manenosiri ya wenzake wote kwenye rekodi zake, alikuwa na nenosiri la Kaka tangu mwaka jana, na yeye peke yake harekodiwi. Utamjibu nini? Agizo lake la maegesho liko kwenye karatasi gani? Mwanangu, katika ofisi yenu nzima, anayeweza kutengenezewa kesi kwa urahisi zaidi ni wewe. Ungejua hilo mwezi Machi usingejisikia umeaminiwa, ungeomba barua.

Na hizo rekodi zenyewe zinahifadhiwa wapi? Kama ziko kwenye seva ileile, anayepata root anaweza kuzifuta, na wewe mwenyewe umeonja ilivyo rahisi. Wenye kujua kazi hii huzipeleka kwenye mashine nyingine kadiri zinavyoandikwa, na anayezitunza hawi ndiye anayezitazama. Tena zina manenosiri ya watu watano yakiwa wazi. Mvamizi wa nje akiingia leo hahitaji kuhangaika na kitu kingine chochote.

Nilimuuliza kijana wangu kama kurekodi watu hivi ni jambo la ajabu. Akasema la, ni la zamani kama Unix yenyewe karibu. Amri ya script, ya kuhifadhi kila kinachoonekana kwenye kioo, ilikuwapo kwenye toleo la Unix la Chuo Kikuu cha Berkeley tangu 1979. Akanisimulia habari ya mwaka 1986, ya Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyegeuzwa msimamizi wa kompyuta katika maabara ya Lawrence Berkeley kule California. Alikuta hesabu za matumizi ya mashine zimepungua senti 75 tu, akazifuatilia. Ili ajue mvamizi anapitia wapi, aliazima mashine za kuchapa na skrini kutoka ofisi za wenzake, akaziunga kwenye laini zote 50 za kuingilia kwa siku za mwisho wa wiki. Alipoujua mlango mmoja anaoutumia mvamizi, alibaki na huo. Mwisho wa safari alikuwa kijana wa Ujerumani Magharibi aliyekuwa akiuza siri kwa Wasovieti.

Kwangu mimi uzuri wa habari hiyo ni kwamba alipunguza. Siku chache alitazama wote, kisha akatazama pale palipokuwa na sababu. Wewe uliambiwa utazame wote, kila kitufe, bila mwisho. Hujaniandikia popote kwamba kazi hii ilipangiwa siku ya kumalizika.

Akanieleza pia kwamba Desemba 1992, kituo cha usalama wa kompyuta cha Marekani, CERT, kilitangaza ushauri wa Wizara ya Sheria ya nchi ile: msimamizi anayetaka kurekodi vitufe aweke onyo pale mtu anapoingilia. Sababu ni kwamba ukimvizia mvamizi unawanasa pia wenye haki ya kuwamo. Ndiyo maana programu uliyoichagua ilikuja na onyo ndani yake na vitufe vikiwa vimezimwa. Aliyeitengeneza alishafikiria usiku kama ule wa barua ya Kyela. Najua wewe ulivigeuza hivyo viwili kwa agizo la mkubwa wako, na kijana wa miaka 29 kumkatalia meneja maegeshoni si jambo jepesi. Lakini kilichofanywa kwa mstari mmoja kinaweza kurudishwa kwa mstari mmoja.

Kwetu nako pana sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Katiba yetu, Ibara ya 16, inataja faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria hizo zina nafasi za uchunguzi wa makosa, kwa hiyo sitakuambia kwamba meneja wako amevunja sheria. Hilo alisome na mwanasheria wa chama. Jambo moja nina uhakika nalo kwa kuwa nimeliona likitokea: mwajiri akimwondoa mtu kazini anatakiwa kuwa na sababu halali na kufuata utaratibu wa haki, na mfanyakazi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale kila mmoja ataulizwa ushahidi wake aliupataje.

Sasa njia ulizozitaja, nizipitie kwa namna ninavyoziona.

Ya kufuta rekodi za Kaka, nakuomba uiache kabisa. Kama hana hatia, umefuta kitu ambacho kingeweza kumtetea. Kama anayo, umeingia naye. Na kwa vyovyote utakuwa umefanya kitendo kilekile cha Februari, mtu mwenye root anafuta alama usiku.

Ya kumwambia Kaka kwanza inatoka kwenye moyo mzuri, naielewa. Hatari yake ni mbili. Akiwa ndiye, atajua pa kutokukanyaga, na wanachama wa Mwanjelwa watalipa gharama ya urafiki wenu. Akiwa siye, utamwambiaje kuhusu akaunti ile bila kumwambia kuhusu barua? Atakuuliza tu, "Umeona nini kingine?" Na uso wako utajibu. Hata hivyo siwezi kukuambia usimwambie kamwe. Ipo siku atatakiwa kujua, na itakuwa tofauti sana akijua kutoka kwako au akisomewa mbele ya kamati.

Ya kumpa meneja kila kitu kama kilivyo ni nyepesi kwa mguu na nzito kwa dhamiri. Utakuwa umetii. Lakini barua ya mtoto mgonjwa ikishatoka kwenye mashine yako haitarudi, na katika ofisi ndogo habari ya figo itafika jikoni kabla ya saa sita mchana. Jiulize barua ile inahusiana nini na shilingi 1,840,000. Uliagizwa kutafuta aliyebadilisha marejesho. Mimi masjala nilijifunza kupeleka karatasi iliyoombwa, na kurudisha faili kabatini.

Ya kunyamaza mpaka mwisho wa Julai, unaijua mwenyewe. Mkaguzi atakuja, na rekodi zipo.

Ipo nyingine ambayo hukuitaja, nayo ina miiba yake. Unaweza kwenda kwa meneja, ofisini safari hii, mchana, kuzungumzia rekodi zenyewe kabla ya kumzungumzia mtu yeyote. Umwambie unahitaji agizo la maandishi. Umwambie kuna manenosiri ya watu humo na hiyo ni hatari kwa chama. Umwombe onyo lirudishwe na vitufe vizimwe, na akaunti yako iingizwe. Kijana wangu anasema Linux ina mfumo wa ukaguzi uitwao auditd, unaoweza kuandika amri iliyoendeshwa na aliyeingia mwanzoni kwa jina lake, hata kama baadaye amejigeuza root, bila kuchukua barua za mtu. Huenda hicho kinatosha kwa jambo la Februari likijirudia. Halafu yale ya akaunti ya mwanachama yule uyatoe kama yalivyo: nani aliingia, lini, alifungua nini, kwamba hakubadilisha, na kwamba nenosiri lake linajulikana na wengine, wewe ukiwamo. Hiyo ya mwisho itakuwa ngumu kutamka. Uitamke.

Miiba yake ni hii. Meneja anaweza kukasirika aone unamfundisha kazi. Anaweza kuuliza kwa nini umekaa na habari hizi tangu Mei. Onyo likirudishwa, mwizi, kama bado yumo, atatulia, na huenda msimjue tena. Unaweza pia kukuta meneja hataki kuandika agizo, na hapo utakuwa umejua jambo jipya kumhusu ambalo huenda usingependa kulijua. Yapime wewe, maana ofisi ile unaijua kuliko mimi.

Liko swali ambalo sitakujibia, la kama utamwambia Kaka siku moja kwamba uliisoma barua yake. Ukilibeba peke yako litakuwa zito, na ukimpa yeye nusu anaweza kuumia bila sababu. Lakini kujua kwamba mtoto anaumwa kunakupa pia nafasi ambayo hukuwa nayo. Mtu anaweza kuuliza, "Kaka, watoto hawajambo?" akanyamaza akasikiliza, bila kuwa ameiba chochote. Kama atajibu kwamba hawajambo, muache ajibu hivyo.

Simu mbili za shemeji yako zimenigusa kuliko seva. Mwanamke aliyekulisha miezi saba anajua tofauti ya baridi na aibu, na nina hakika ameshaanza kujiuliza amekukosea nini. Mpigie leo. Huhitaji kumweleza chochote, mwambie tu umesikia na unamshukuru. Kuhusu kwenda Jumapili, amua mwenyewe kama unaweza kukaa mezani pale ukala mbalaga bila koo kukaba. Kama wiki hii huwezi, mwambie utakwenda wiki fulani, uitaje kwa tarehe. Nami niandikie baada ya kuonana na meneja, hata kama mambo hayakwenda ulivyotaka.

Shangazi